Kidole gumba cha mguu kimekakamaa na kinauma: kama si gauti, niishi nacho vipi?

Mwalimu wa Tandika anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri kuhusu kidole gumba cha mguu wangu wa kulia. Kwa miaka mitatu sasa kinauma kwenye kiungo cha mzizi wake, pale kinapoungana na unyayo, na kwa mwaka huu mmoja uliopita kimekakamaa kiasi kwamba hakikunjiki tena kuelekea juu. Nina umri wa miaka 53, ni mwalimu wa shule ya msingi, na kazi yangu ni ya kusimama kutwa.

Maumivu hayakuanza kwa kishindo. Yalianza kama uchovu wa jioni, hasa siku nilizovaa viatu vya mchuchumio kwenda harusini, kisha yakawa ya kila siku, na baadaye nikaona juu ya kiungo pameota kinundu kigumu kama mbegu ya ubuyu, ambacho kila kiatu kinakisugua. Nikijinyanyua kwa vidole ili niandike sehemu ya juu ya ubao, nasikia kama kuna kitu kimekwama ndani ya kiungo na kinachoma. Siku hizi naandika nusu ya chini ya ubao tu, na watoto wanaokaa nyuma wanalalamika kwamba vichwa vya wenzao vinawaziba. Kupanda daladala nako nimejifunza kutanguliza mguu wa kushoto. Lakini linaloniumiza moyo kuliko yote ni sala, kwa sababu katika kikao cha tahiyatu mguu wa kulia husimamishwa na vidole vyake vikakunjwa kuelekea kibla, nami jambo hilo nililolifanya tangu utoto siliwezi tena bila kuuma meno.

Katika zahanati ya kwanza niliyokwenda nilipimwa damu mara moja, nikaambiwa asidi ya yuriki imepanda kidogo na kwamba ugonjwa wangu ni gauti. Niliacha nyama nyekundu, nikaacha maharage, kunde na choroko, nikaacha hata mchicha, na nikameza dawa ya gauti kwa karibu mwaka na nusu. Nilikonda, lakini kidole hakikubadilika. Mwezi uliopita, katika hospitali nyingine, daktari alikishika kidole kwa mikono yake, akakipandisha na kukishusha, akaagiza picha ya eksirei, kisha akaniambia kwamba gegedu ya kiungo, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, imesagika na mfupa umeota juu yake. Kwenye cheti ameandika haluksi rijidasi, yaani kidole gumba cha mguu kilichokakamaa, daraja la 2. Alinieleza kwa ufupi tu, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu.

Ninayotaka kujua ni haya. Gauti na huku kusagika vinatofautishwaje, maana mpaka leo naogopa kula maharage? Nivae viatu gani, ikiwa kila mtu ananiambia nivae viatu laini vinavyokunjika, na hivyo ndivyo vinavyoniumiza zaidi? Na je, kuna aliyefanyiwa upasuaji wa kidole hiki? Nasikia kuna wa kukata kinundu na kuna wa kugandisha kiungo moja kwa moja. Niongeze kwamba mimi pia natumia dawa za presha.

Fizio wa Ilala anajibu:

Shikamoo Mwalimu, na pole sana. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na habari yako naisikia karibu kila wiki kutoka kwa wagonjwa wanaofika wakiwa wamekwisha kujinyima chakula kwa miezi mingi kwa sababu tu kidole kinachouma ni kile ambacho gauti hukipenda.

Kiungo hicho kinakutanisha mfupa mrefu wa kwanza wa unyayo na mfupa wa kidole chenyewe, na chini yake kuna vijifupa viwili mfano wa punje za maharage vinavyoteleza mbele na nyuma na kuzisaidia kano, kama kapi linavyoisaidia kamba ya tanga. Kila hatua unayopiga, kabla mguu haujaondoka ardhini, kisigino huinuka na uzito wa mwili hupita juu ya kiungo hiki kikiwa kimekunjwa. Kiungo kizima huweza kukunjwa kuelekea juu kwa nyuzi 65 au zaidi, na mwendo wa kawaida huhitaji kiasi cha nyuzi 40 hadi 60. Gegedu inapochakaa, mifupa husogeleana, na mwili hujibu kwa kuotesha mfupa mpya ukingoni, hasa upande wa juu. Hicho ndicho kinundu chako. Kazi yake mbaya ni kama ya kigingi kilichopachikwa kwenye bawaba ya mlango: kila unapoufungua, mlango unagonga kigingi. Ndiyo maana unasikia kitu kimekwama, kwa sababu kweli kimekwama.

Kwa nini wewe na si jirani yako? Wengine waliwahi kujikwaa vibaya au kuumia mpirani ujanani, wengine wamezaliwa na umbo la mfupa linalokibana kiungo, wengine wana wazazi waliokuwa hivyo hivyo, na kwa wengi sababu moja haipatikani. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi mguu wa pili hufuata baada ya miaka. Si ugonjwa mgeni, kwa maana madaktari wa Uingereza waliuandika tangu mwaka 1887.

Sasa gauti, ambayo vitabu vyetu huiita pia jongo. Gauti huja kwa ghafla, mara nyingi usiku, na ndani ya siku moja inakuwa imefika kileleni: kidole kinakuwa chekundu au cheusi cha kung'aa kutegemea rangi ya ngozi, kinawaka moto, na hata uzito wa shuka haubebeki. Kisha baada ya wiki moja au mbili inaondoka, na katikati ya mashambulizi kidole huwa kama hakijawahi kuumwa, angalau katika miaka ya mwanzo. Ugonjwa wako ulikuja polepole, unauma unapokanyaga na kusukuma, unatulia unapopumzika, na haujawahi kukuamsha usiku kidole kikiwa kinawaka. Kipimo cha damu peke yake hakitoshi kuamua, kwa sababu watu wengi wana asidi ya yuriki iliyopanda na hawapati gauti maishani mwao, na mwenye gauti anaweza kupimwa siku ya shambulizi akakutwa na kiwango cha kawaida. Kipimo cha uhakika ni kuvuta maji ya kiungo kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini kama yana vijiwe vidogo vya asidi ya yuriki. Ni kweli pia kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na magonjwa yote mawili, kwa hiyo siku kidole kikiwaka ghafla usiseme ni mambo yale yale, nenda ukaonwe.

Na maharage, Mwalimu, kula. Hata kwa mgonjwa halisi wa gauti, vinavyochochea ni pombe, hasa bia, pamoja na maini, figo, nyama nyekundu nyingi, na samaki wadogo kama dagaa wakiliwa kwa wingi. Maharage, choroko na mchicha havijaonekana kuongeza mashambulizi. Nasikitika kwamba ulivikosa mwaka mzima na nusu.

Kuhusu daraja, wapasuaji wengi hutumia mpangilio uliochapishwa mwaka 2003 na Coughlin na Shurnas wa Marekani, wenye madaraja matano kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 0 ni ukakamavu bila maumivu, na la 4 ni kiungo ambacho kinauma hata kikichezeshwa kidogo tu. Unaweza kujichunguza mwenyewe: kaa kitini, legeza mguu, shika kidole kwa vidole viwili ukipandishe taratibu. Maumivu yakija mwisho wa safari tu, pale kinapogota, maana yake katikati ya kiungo bado kuna gegedu na tatizo kubwa ni kile kigingi. Yakija katikati ya safari, kabla ya kugota, gegedu imeharibika kwa upana zaidi. Tofauti hii ndogo ndiyo inayobadilisha aina ya upasuaji, ikiwa siku moja utauhitaji.

Kwa sasa usikilazimishe kidole kukunjika. Nimeona watu wanaokaa juu ya visigino vyao kila asubuhi wakidhani wanakifungua kiungo, na wanachofanya ni kugongesha mfupa kwenye mfupa. Badala yake, shika unyayo kwa mkono mmoja nyuma kidogo ya kiungo, kwa mkono mwingine kivute kidole kwa mbele kama unayekirefusha, na ukiwa umekivuta hivyo kipandishe na kukishusha kwa kiasi kisichouma, mara 10, asubuhi na jioni. Nyoosha pia misuli ya nyuma ya muundi kwa kuegemea ukuta, kwa sababu misuli hiyo ikikaza, kidole ndicho kinacholipa. Siku kiungo kinapovimba, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15 inatosha. Wenye kisukari ambao miguu yao imekufa ganzi wasitumie barafu wala maji ya moto bila kuelekezwa, na kidonda chochote juu ya kinundu wakipeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Fundi Viatu, Karume, anajibu:

Mwalimu, mimi si daktari. Nashona viatu huu mwaka wa 26, na wateja wa miguu mibovu nimewahudumia wengi, baadhi yao wakiletwa na wataalamu wa vifaa saidizi wa hospitali wakiwa na maelekezo kwenye karatasi. Nataka kukujibu hilo la viatu laini, kwa sababu limewaumiza watu wengi wanaoambiwa hivyo kwa nia njema.

Kiatu laini kinafaa kwa mguu unaokunjika. Wako haukunjiki, na kiatu kinachokunjika kinaulazimisha kufanya usichokiweza kila hatua, kutwa nzima. Unachotaka ni kiatu ambacho soli yake ndiyo inayokataa kukunjika ili kidole kisiombwe kitu. Ukienda kununua, shika kiatu kisigino kwa mkono huu na ncha kwa mkono ule, kisha jaribu kukikunja. Simpo nyingi za akina mama hukunjika kama chapati, na hizo zirudishe mezani hata kama bei ni nzuri. Raba nyingi za kukimbilia pia hukunjika, lakini zipo ambazo soli yake ni nene, ngumu na imeinuka mbele kama omo ya mashua. Ukiiweka mezani na kuibonyeza ncha kwa kidole, kisigino kinanyanyuka na kiatu chote kinabembea bila kujikunja. Katika mitumba hapa Karume hazikosekani kwa mwenye subira ya kuchambua, ila angalia soli isiwe imekwisha upande mmoja na mwenye nacho wa kwanza.

Ikiwa una kiatu kizuri tayari, chenye sehemu ya mbele pana na yenye kina cha kutosha ili kinundu kisibanwe, kinaweza kurekebishwa. Nafungua soli ya ndani, naweka chini yake bamba la plastiki ngumu la unene wa milimita 2 au 3, lililokatwa kufuata unyayo kutoka kisigino hadi mwisho wa kidole gumba, kisha narudisha soli ya ndani na kuibandika. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza. Ya pili ni kuongeza soli nje na kuisaga mbele ili ipate ule mpindo wa kubembea. Hapa fundi asiyejua hukosea, na mimi nilikosea kwa mteja wangu wa mwanzo: niliweka kilele cha mpindo mbele ya kiungo, na yule mzee akawa anajikwaa na kiungo kinauma vile vile. Kilele kinatakiwa kiwe nyuma kidogo tu ya kiungo kinachouma, ili mwili ubingirike kabla kidole hakijaitwa kazini. Kwa hiyo kwanza namsimamisha mteja peku juu ya karatasi, nachora unyayo, natia alama ya kiungo kwa kukigusa, na alama hiyo ndiyo naihamishia kwenye soli. Kiatu cha pili nacho nakiongezea kimo kile kile, la sivyo utatibu kidole na kuharibu kiuno.

Kama unavaa viatu vya kamba, ruka tundu moja, lile lililo juu ya kinundu, kamba isipite hapo. Nyumbani usitembee peku juu ya sakafu wala kwa ndala nyembamba. Katambuga nene iliyokatwa kwenye tairi la lori ina ugumu na mpindo wake wa asili, na wapo wateja wangu wanaoisifu, mradi ukanda usikatize juu ya kinundu.

Mama Lishe wa Buguruni anajibu:

Dada yangu, pole. Mimi nilikuwa na tatizo la vidole na magoti kwa miaka miwili, nikapewa unga wa mitishamba unaouzwa kituo cha daladala, hauna jina kwenye kopo, unachanganya kijiko kimoja na uji. Ndani ya siku tatu nilikuwa nasimama jikoni kuanzia alfajiri bila maumivu. Nautumia mwezi wa saba sasa. Uso umenenepa na usiku nakojoa sana, lakini natembea. Ukitaka nitakuelekeza kwa muuzaji.

Mfamasia, Kinondoni, anajibu:

Dada wa Buguruni, nakuomba unisikilize kabla ya mambo mengine. Unga usio na jina unaoondoa maumivu ya viungo kwa siku tatu, kisha baada ya miezi uso ukawa wa mviringo na mkojo ukaongezeka, unanipa wasiwasi kwamba ndani yake umechanganywa dawa ya jamii ya steroidi, kama vile predinisoloni au deksamethasoni. Dawa hizo zikitumika miezi mingi bila uangalizi hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na hupunguza kinga ya mwili. Usiuache ghafla leo, kwa sababu mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake, na kukatisha kwa ghafla kunaweza kukuangusha. Nenda hospitali kesho, beba kopo lenyewe, mwambie daktari umetumia kwa muda gani, upimwe sukari na presha, na upunguziwe kwa utaratibu. Tafadhali usimpe mtu mwingine unga huo.

Mwalimu, kwa upande wako, kwa kuwa unatumia dawa za presha, uwe mwangalifu na diklofenaki na ibuprofeni za vidonge, ambazo watu hujinunulia dukani kama peremende. Zinaweza kupandisha presha, kuchubua tumbo na kuumiza figo, na hatari kwa figo inakuwa kubwa zaidi kwa mtu anayetumia kwa pamoja vidonge vya kuongeza mkojo na zile dawa za presha ambazo majina yake huishia na "pril" au "sartan". Soma majina ya dawa zako kwenye pakiti na umwonyeshe anayekuhudumia. Vidonge vya kuongeza mkojo vina jambo jingine linalokuhusu: hupandisha asidi ya yuriki, na huenda hiyo ndiyo sababu ya kile kipimo chako cha kwanza. Usiviache kwa uamuzi wako, bali mwambie daktari wako wa presha.

Kwa kiungo kilicho karibu na ngozi kama hiki, jeli ya diklofenaki ya kupaka hufika mahali pake na sehemu ndogo tu huingia kwenye damu. Siku ya maumivu makali, parasetamoli inaweza kuongezwa, isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na kwa mwenye tatizo la ini au mwili mdogo iwe chini ya hapo. Dawa ya gauti uliyomeza mwaka na nusu, muulize daktari aliyekupiga picha kama bado ina kazi kwako.

Mzee wa Segerea anajibu:

Mdogo wangu Mwalimu, nina miaka 68 na kidole changu cha kushoto kiligandishwa miaka miwili iliyopita, kwa hiyo nakueleza nilichokipitia.

Mimi nilichelewa. Nilikuwa daraja la 3 kuelekea la 4, kidole kinauma hata nikiwa nimelala, na bamba ndani ya kiatu lilikuwa limenisaidia kwa miaka michache kisha likashindwa. Nilichomwa sindano ya steroidi ndani ya kiungo mara moja, ikanipa miezi minne ya raha, na daktari akanieleza wazi kwamba sindano hizo hazirudiwi rudiwi kwa sababu zenyewe huweza kuichosha gegedu iliyobaki. Ndipo tukazungumza upasuaji. Alinieleza kwamba ule wa kukata kinundu unawafaa watu wa hali kama yako, ambao katikati ya kiungo bado kuna uhai. Mfupa ulioota huchongwa pamoja na sehemu ndogo ya juu ya kiungo, kidole kinapata nafasi, na mgonjwa hukanyaga mapema. Ugonjwa unaweza kuendelea baadaye, lakini mlango wa kugandisha unabaki wazi. Kwangu mimi huo haukuwa na maana tena.

Kugandisha ni kuondoa gegedu yote iliyobaki na kuifunga mifupa miwili kwa bamba na skrubu ili ikue kuwa mfupa mmoja. Wengi zaidi ya 9 kati ya 10 huunga vizuri. Nilitakiwa niache sigara kwanza, kwa sababu huchelewesha mfupa kuunga, nikaacha. Kwa wiki sita nilikanyaga kwa kisigino tu, nikiwa na kiatu maalumu na magongo, na muda mwingi mguu ukiwa juu ya mito, kwa sababu kila nilipoushusha ulivimba na kugonga kama ngoma. Kuoga nilikuwa nakaa juu ya stuli, mguu nimeutoa nje ya mlango wa bafu, mke wangu akishika mlango. Mwezi wa nne nilitembea hadi msikitini bila gongo. Sasa maumivu hayapo. Kukunja kidole nako hakupo, na hakutarudi. Mwanamke lazima ajue kabla ya kukubali kwamba viatu vya mchuchumio virefu vinakuwa vimeagwa, kwa kuwa kidole hufungwa katika pembe moja ya kudumu.

Umetaja sala, na nimeelewa uchungu wako. Baada ya upasuaji niliona haya kuomba kiti, mpaka imamu wetu akanikumbusha hadithi ya Imran bin Huswain, Mwenyezi Mungu amridhie, aliyekuwa mgonjwa na Mtume akamwelekeza asali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Kusimamisha mguu wa kulia katika tahiyatu ni sunna, na asiyeweza anakaa kwa namna anayoiweza. Mimi nalaza miguu yote miwili upande mmoja, na siku nyingine nachukua kiti. Muulize sheikh wako kwa utulivu wa moyo, lakini usiendelee kuuma meno ndani ya sala.

Kama utafika hatua ya kutaka maoni ya mpasuaji, anza na rufaa kutoka hospitali unayotibiwa. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili iko pale Upanga, na kwa vifaa vya miguu hospitali ya CCBRT, Msasani, wana karakana. Nenda na picha ya eksirei iliyopigwa ukiwa umesimama, kwa sababu ile ya kulala haionyeshi nafasi ya kiungo ilivyo unapokibebesha uzito. Yangu ya kwanza ilipigwa nimelala, ikabidi nilipe tena.

Mwalimu wa Tandika:

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, mengine mara mbili. Jana usiku nilitoa viatu vyangu vyote uvunguni nikavikunja kimoja kimoja kama Fundi alivyoelekeza. Kati ya jozi sita, tano zilikunjika kama chapati kweli, pamoja na zile nilizonunua kwa bei kubwa mwezi wa pili kwa sababu muuzaji alisema ni za kitabibu. Jozi moja iliyobaki ni viatu vizito vya kufunga vya marehemu mume wangu, ambavyo huwa navaa siku za mvua. Nilivivaa leo shuleni na soksi mbili, na kwa mara ya kwanza mwaka huu nimefika kipindi cha mwisho bila kukaa.

Nimejipima pia kama Fizio alivyosema, na maumivu yanakuja mwishoni tu, pale kidole kinapogota. Dawa zangu za presha nimezisoma: moja inaishia na "pril" na nyingine ni ya kuongeza mkojo, na kabatini nilikuwa na diklofenaki ya vidonge niliyokuwa nameza kila Ijumaa na Jumamosi ninapofua. Nimeitoa. Dada wa Buguruni, naomba uandike hapa ukirudi kutoka hospitali, nina wasiwasi juu yako.

Nina swali moja lililobaki. Binti yangu ana miaka 24, kidole chake nacho ni kigumu kidogo lakini hakimuumi. Je, apigwe picha?

Fizio wa Ilala:

Mwalimu, kama hakimuumi na anatembea vizuri, picha haitabadilisha chochote kwa sasa. Achunguzwe kwa mikono siku moja ili ijulikane kinakunjika kwa nyuzi ngapi, aandike tarehe, na tupime tena baada ya mwaka. Mazoezi ya kukivuta yanamfaa hata yeye, na viatu vya mchuchumio avipunguze. Kikianza kuuma au kuota kinundu, hapo ndipo aende kwenye eksirei.

Mama Lishe wa Buguruni:

Nimetoka hospitali. Sukari imekutwa juu, na presha pia. Nimeandikiwa vidonge vya kupunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa na kopo wamelichukua. Nilikuwa nimempa mdogo wangu wa Mbagala unga ule, na nimempigia simu leo hii.

Fundi Viatu, Karume:

Mwalimu, viatu vya marehemu usivitupe kwa kuwa ni vikubwa. Vilete Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, pamoja na soksi utakazovaa nazo kila siku, maana unene wa soksi unabadilisha kipimo. Nitapunguza upana wa kisigino kwa kuweka ngozi ndani, mbele nitapaacha kama palivyo, na soli nitaisaga ukiwa umesimama hapo hapo ili tuone kilele kinaangukia wapi.